Kilicho cha Wote Si cha Bure

Katika darsa yetu ya baada ya sala ya Isha ilisomwa barua iliyotoka mbali. Mwenye kuiandika ni kijana wetu, mzaliwa wa mji huu, aliyesoma chuoni pamoja na watoto wetu, na ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaishi na ahli zake katika jimbo la Colorado, nchi ya Marekani. Yeye na sahibu yake, Mwislamu mwenzake, waliazimia kwenda kuwinda kulungu katika vilima vilivyo chini ya Milima ya Rocky, magharibi ya mji wa Fort Collins, katika ardhi ya umma. Wote wawili walipeleka maombi ya leseni. Kijana wetu alipata. Sahibu yake alikosa. Na mambo yalivyo, yule aliyekosa ndiye mwindaji hodari, na yule aliyepata hajapata kumpiga mnyama hata mmoja maishani mwake.

Basi sahibu akatoa shauri: "Leseni iwe yako, bunduki iwe yangu. Mimi nitampiga, wewe utamfunga karatasi yako, na nyama tutaigawanya nusu kwa nusu. Mnyama ni mmoja na leseni ni moja. Ni nani aliyedhulumiwa?" Wala hakusema hayo kwa uchoyo. Ana watoto wengi, na nyama iliyochinjwa kisharia huipata mbali na kwa bei ghali.

Akalitia nguvu shauri lake kwa hoja tatu. Ya kwanza, mnyama wa mwituni hana mwenyewe. Kwa sharia yetu ni wa yule amtiaye mkononi. Ya pili, uwakala ni jambo lililoruhusiwa. Mtu aweza kumwakilisha mwenziwe katika kuuza na kununua na kuoza, na hata katika kuwinda. Ya tatu, kule milimani hakuna amwonaye. Kijana wetu hakuwa na la kumjibu, lakini moyo wake haukutulia. Ndipo akauliza: "Sheikh wangu, je, jambo hili ni halali?"

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba jawabu yangu ya kwanza ilikuwa ni kuruhusu. Niliitazama ile hoja ya pili, nikayakumbuka yaliyomo katika vitabu tulivyosomeshwa, nikaandika mistari michache ya kumtuliza. Asubuhi nilipoisoma tena jawabu yangu nikaona kuwa nimejibu swali la kitabu, sikujibu swali la mtu. Nikaichana. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyaandika badala yake, nami nayatangaza hapa kwa kuwa naona yatuhusu na sisi tusiokuwa na bunduki wala mlima.

ARDHI NA MNYAMA

Wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba mtu hawezi kulihukumu jambo ila baada ya kulijua lilivyo. Basi na tujue kwanza.

Kulungu wa milima ile si paa wala si swala wetu. Ni mnyama mwenye masikio makubwa mfano wa ya baghala, na ndiyo maana Wamarekani wamempa jina la baghala huyo. Pembe za dume zina matawi kama mti, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Wakati wa joto wengi wao hukaa juu milimani; baridi ianzapo na theluji ikazidi, huteremka kwenye vilima vya chini kutafuta malisho. Msimu wa kuwinda kwa bunduki, mwisho wa Oktoba na mwezi wa Novemba, huwakuta katika safari hiyo.

Vilima vyenyewe si vya kutembelea. Ni mawe na makorongo, misonobari na vichaka, na magenge yanayokatika ghafla. Mtu humwona mnyama ng'ambo ya korongo akadhani ni mwendo wa dakika kumi. Akianza kuteremka na kupanda hutambua kuwa ni mwendo wa saa nzima.

Ama ardhi ya umma, katika nchi ile serikali kuu inashika kiasi cha ekari milioni 640, nazo ni zaidi kidogo ya robo ya nchi nzima. Sehemu kubwa yake iko katika majimbo ya magharibi na Alaska. Mapande mengi ya vilima hivyo vya Fort Collins yamo ndani ya Msitu wa Taifa wa Roosevelt, chini ya idara ya misitu iliyoundwa mwaka 1905. Humo mtu hahitaji kuwa tajiri wala kuwa na shamba. Fukara na tajiri, mzaliwa na mhamiaji, wote waweza kuingia kwa miguu yao. Hii ni neema, wala si haki kuidharau kwa kuwa imetoka mikononi mwa wasiokuwa wa dini yetu.

JE, MNYAMA WA MWITUNI HANA MWENYEWE?

Hoja ya kwanza ni ya kweli nusu yake, na nusu ya kweli ndiyo impotezayo mtu mwerevu. Ni kweli kwamba mafaqihi wameyahesabu mawindo kuwa ni mubaha, nayo huwa mali ya ayatwaaye kwa njia ya halali. Lakini tumefundishwa pia katika Hadithi kwamba watu ni washirika katika maji na malisho na moto. Litazame neno hilo: washirika. Mshirika si mtu aliyekuta kitu kisichokuwa na mwenyewe. Mshirika ni mtu aliyekuta kitu chenye wenyewe wengi, na yeye ni mmoja wao. Ana haki ya kutwaa, na ana wajibu wa kuitazama haki ya mwenziwe.

Tena Mtume (S.A.W.) alitenga malisho ya Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipotenga malisho, alimuusia msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri, hata akawataja kwa majina Masahaba wawili wakubwa. Kwa nini? Kwa sababu tajiri mifugo yake ikifa anayo mashamba ya kurejea, na mnyonge hana. Basi ardhi ya wote si ardhi isiyokuwa na amri. Ndiyo ihitajiayo amri zaidi, ili mwenye nguvu asiimeze.

Na Wamarekani wenyewe waliyajua haya kwa kuumia. Nyati wao waliokuwa makumi ya mamilioni katika nyanda waliuawa hata kufikia mwisho wa miaka ya 1880 hawakubakia porini ila mamia tu. Walikuwako na njiwa wa kuhama waliokuwa wakiruka kwa makundi ya kuziba jua. Wakapigwa na kuuzwa sokoni, na misitu yao ikakatwa. Wa mwisho wao alikufa tunduni katika mji wa Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Kila aliyewapiga aliweza kusema kwamba ndege hawa hawana mwenyewe. Leo hakuna wa kuwapiga wala wa kuwatazama.

Ndipo zikaja sheria. Mwaka 1896 Mahkama Kuu ya nchi ile ilihukumu kuwa mawindo ni mali ya watu wa jimbo kwa jumla, na serikali ni mwangalizi tu kwa niaba yao. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 1979 kwa upande wa lile neno la miliki, lakini uwezo wa majimbo wa kuwahifadhi wanyama haukuondolewa. Mwaka 1900 ikatungwa sheria ya kuzuia biashara ya mawindo yaliyopatikana kinyume cha sheria baina ya majimbo. Mwaka 1937 ikawekwa sheria ya kuielekeza kodi ya bunduki na risasi katika kuwahifadhi wanyama, hata ikawa mwindaji mwenyewe ndiye alipaye sehemu ya gharama ya kuwatunza anaowawinda. Sisi kitu cha namna hii twakiita amana.

KURA NA UWAKALA

Ama hoja ya pili ndiyo iliyonipotosha mimi mwenyewe. Uwakala katika mambo ya mubaha upo, na wanavyuoni wamekhitalifiana katika mapande yake. Lakini leseni si mawindo. Leseni ni ahadi iliyoandikwa baina ya mtu mmoja na watu wa jimbo, na sharti lake ni kuwa mwenye jina ndiye apigaye. Aliyeomba aliyajua masharti hayo, akayakubali, akatoa fedha. Na Waislamu ni watu wa kusimama juu ya masharti yao. Haipunguzi ahadi kwamba uliyemuahidi si Mwislamu, Mtume wetu (S.A.W.) alitimiza mapatano ya Hudaibiya kwa makureshi nao ni makafiri, na masharti yake yalikuwa mazito juu ya masahaba.

Tena tuitazame njia iliyotumika kuigawa leseni hiyo. Katika Colorado, tangu mwaka 1999, leseni za kulungu zina idadi maalumu kwa kila eneo. Maombi hupelekwa mwanzoni mwa Aprili, na waombaji wakizidi leseni, hupigwa kura. Sisi Waislamu si wageni wa kura. Ilipigwa katika habari ya Nabii Yunus (A.S.), ikapigwa kwa kumtafutia mlezi Bibi Maryam, na Mtume wetu alikuwa akipiga kura baina ya wake zake atakapo kusafiri. Kura ya namna hii haina uhusiano na kamari. Ni njia ya kugawa kwa uadilifu kitu kisichowatosha wote.

Sasa nalijibu lile swali la sahibu: "Ni nani aliyedhulumiwa?" Mnyama ni mmoja, kweli, na leseni ni moja. Lakini katika utaratibu ule, aliyeikosa leseni aliyoitaka kwanza hupewa alama ya kumsogeza mbele katika kura za miaka ijayo. Basi sahibu huyu ataibakisha alama yake kama mtu aliyeketi nyumbani, na huku amewinda kama mtu aliyepata. Mwaka ujao atasimama mbele ya mtu mwingine, ambaye naye alikosa, naye ana watoto, naye aliketi nyumbani kwa kweli. Huyo ndiye aliyedhulumiwa. Hana jina, hajulikani uso wake, wala hatajua kamwe kwamba haki yake imeliwa. Na dhuluma ya namna hii huwa nyepesi kwa mtendaji kwa kuwa hauoni uso wa aliyedhulumiwa.

Na liko jingine. Wanaopanga idadi ya leseni wanajua kwamba si kila mwenye leseni atapata mnyama. Wapo wageni kama kijana wetu, wapo wazembe, wapo wazee waliochoka. Wanaikadiria idadi kwa hesabu hiyo. Lau kila hodari aliyekosa angeitumia leseni ya mgeni aliyepata, wangeuawa wanyama wengi kuliko waliokusudiwa, na kila mmoja angesema kwamba yeye hakuvunja hesabu.

HAKUNA AKUONAYE

Hoja ya tatu haikustahiki kuitwa hoja, lakini ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika nafsi. Na ajabu ni kwamba Qur'ani imelitaja jambo hili kwa mawindo yenyewe. Katika Sura ya Maida, Mwenyezi Mungu anawaambia waumini kuwa atawajaribu kwa mawindo yaliyo karibu, yanayofikiwa kwa mikono yao na mikuki yao, ili adhihirike nani amchaye hali ya kuwa hamwoni. Aya hiyo ni ya waliokuwa katika ihramu. Lakini fikiri, ndugu yangu: katika mitihani yote ya dunia, kwa nini mfano huu ukawa ni wa mwindaji? Naona, na Mungu ndiye ajuaye, ni kwa sababu mwindaji yuko peke yake. Muuzaji ana mnunuzi wa kumtazama, kadhi ana mashahidi, imamu ana maamuma nyuma yake. Mwindaji ana mnyama tu, na mnyama hatoi ushahidi kwa watu.

Mtaalamu mmoja wa misitu na wanyama wa Marekani, Aldo Leopold, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949 baada ya kufa kwake, aliligusa jambo hili hili: kwamba mwindaji hana watazamaji wa kumshangilia wala wa kumlaumu, na dhamiri yake ndiyo imhukumuo. Yeye hakuwa wa dini yetu. Lakini hekima mtu huitwaa popote aikutapo.

MPANGO NDIO AMALI

Watu hudhani kwamba uadilifu wa mwindaji hupimwa pale anapofyatua. Mimi naona sivyo. Pale moyo wadunda, mikono yatetemeka, na mnyama yuko tayari kukimbia. Hakuna nafasi ya kufikiri. Mtu hutenda lile alilolitengeneza zamani. Kwa hivyo mpango wake ndio amali yake, na nia yake huonekana katika mambo anayoyatengeneza kabla ya kuondoka nyumbani. Nilimtajia kijana wetu mambo matano.

La kwanza ni mpaka. Katika vilima vile ardhi ya umma na mashamba ya watu yamechanganyika, na mara nyingi hakuna ua wala alama. Ajifunze ramani mpaka aijue, na akiwa na shaka kwamba mahali ni pa mtu, asiingie ila kwa idhini. Katika jimbo jirani la Wyoming ardhi nyingine imegawanyika kama ubao wa dama, pande moja la umma na pande la pili la mtu, kila pande maili moja ya mraba. Asili yake ni karne ya 19, serikali ilipoyapa makampuni ya reli kila pande la pili kando ya njia zao. Wawindaji walivuka pembeni, pale mapande mawili ya umma yanapogusana kwa ncha. Mwaka 2021 walitumia ngazi ili mguu usiiguse ardhi ya mtu. Mwenye shamba akawashitaki kwa kupita katika hewa yake. Mwezi wa Machi 2025 mahkama ya rufani ikawapa haki wawindaji, na Oktoba ya mwaka ule ule Mahkama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Mimi hunifurahisha ile ngazi. Watu wale walitaka haki yao yote, wala hawakutaka hata unyayo mmoja wa mali ya mwenzao.

La pili ni risasi. Aipime bunduki yake miezi mingi mbele, aujue umbali ambao hakosi, wala asifyatue kuupita umbali huo. Risasi ya kubahatisha humjeruhi mnyama akaenda kufa mbali kwa mateso. Nasi tumekatazwa kukitesa kiumbe na kukifanya shabaha ya mchezo. Ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimfikia mnyama angali hai amchinje. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa, na wengi wa waliokuja nyuma wameruhusu kwa kuwa risasi hutoboa. Basi tahadhari ni njema. Na asimpige mnyama aliyesimama ukingoni mwa genge. Akianguka akafa, na isijulikane kama amekufa kwa risasi au kwa kuanguka, kumla ni kuingia katika shaka ya dini. Na kumwacha aoze ni kuvunja sheria ya Colorado, inayomlazimisha mwindaji kuitengeneza nyama ifaayo kuliwa. Njia ya kuokoka na yote mawili ni moja: asifyatue, angojee asogee.

La tatu ni mzigo. Dume mkubwa aweza kuzidi kilo 100 akiwa mzima, na hakuna gari lifikalo katika makorongo yale. Mtu humkata mahali alipoanguka na kumchukua mgongoni kwa safari mbili au tatu. Kabla ya kumpiga mnyama aliye chini ya korongo na ajiulize: je, nyama hii yote nitaweza kuipandisha kabla haijaharibika? Kama hawezi, basi mnyama yule si riziki yake, hata akiwa hatua 50 mbele yake. Kumwua kiumbe kisha kuitupa nyama yake ni israfu, na Mwenyezi Mungu hawapendi wenye israfu.

La nne ni maradhi. Kuna ugonjwa wa kudhoofisha uwapatao kulungu, unaoharibu ubongo, wala hauna dawa. Ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika Colorado hiyo hiyo, kwa kulungu waliokuwa wamefugwa kwa ajili ya uchunguzi, na tangu hapo umeenea katika majimbo mengi. Haijathibitika kwamba umepata kumwambukiza mwanadamu. Hata hivyo wakuu wa afya wanashauri mnyama apimwe, na akionekana kuwa nao asiliwe. Kijana wetu amenuia kuwapa jirani zake nyama hiyo. Basi kichwa na kipelekwe kupimwa kwanza, na nyama ingoje. Sadaka yenye shaka ya madhara haitolewi kwa jirani.

La tano ni kuwa tayari kurudi mikono mitupu. Hili ndilo gumu, na lisipowekwa katika mpango halitokei mlimani. Mtu aliyekwisha kuwaambia watu kwamba atarudi na nyama, aliyekwisha kununua kila kitu na kuomba ruhusa kazini, huanza kuona kilicho mbali kuwa kiko karibu, na cha mtu kuwa ni cha umma, na jua lililokwisha kuzama kuwa lingali na nuru. Leseni humpa haki ya kutafuta tu, wala haimdhaminii kupata. Na katika kutafuta huko asizipoteze sala zake. Wazee wetu walituonya kwamba mwenye kuyafuata sana mawindo hughafilika.

Huenda akasema mtu: "Kijana huyu hana njaa, duka limejaa nyama. Si mchezo tu huu?" Namjibu kwamba kuwinda kwa ajili ya kula ni halali kwa tajiri na fukara, na kwamba mtu aliyembeba mnyama mgongoni huijua thamani ya uhai kuliko amnunuaye kipande kilichofungwa karatasi. Lakini lau makusudi yake ni pembe za kutundika ukutani na nyama aiache kwa kunguru, hapo ningemwambia abaki nyumbani, hata akiwa na leseni kumi.

SULUHU NILIYOITOA

Sikutaka kumkataza sahibu bila ya kumfungulia mlango. Nilimwandikia kijana wetu hivi: "Mwanangu, sahibu yako na awe mwalimu wako. Mnajua matokeo ya kura mwanzoni mwa kiangazi, na mawindo ni mwisho wa Oktoba. Iko miezi mitano. Akufundishe kulenga na kusoma upepo, jinsi unavyopanda mlima mchana jua lipashapo na kushuka jioni. Wewe chukua mafunzo ya uwindaji, kwani sheria ya huko humtaka kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1949 kuwa na cheti chake. Siku ya kwenda, nenda naye. Yeye asiwe na bunduki. Awe na darubini, kamba na mgongo wenye nguvu. Ukipata, mpe nusu kwa hati ya kumpa yenye jina lako na nambari ya leseni yako, na hapo atakula halali isiyokuwa na doa. Na ukikosa, mtakuwa mmepanda mlima pamoja. Mwambie ya kwamba alama yake imo mahali pake, na zamu yake itakuja."

Tumeichapa jawabu hii kwa sababu ya sisi wenyewe. Katika Kenya kuwinda kwa leseni kulikatazwa tangu mwaka 1977, na wengi wetu hatutamlenga mnyama maisha yetu yote. Lakini vya wote tunavyo tele. Tunayo bahari, na kuna avuaye kwa nyavu za macho madogo akasema samaki hawana mwenyewe. Tunavyo vichochoro, na kuna amwagaye taka usiku akasema njia si ya mtu. Tunazo nafasi zinazotolewa kwa zamu, za masomo na matibabu na safari ya Hija, na kuna apitaye mlango wa nyuma kwa jina la mwingine akasema hakuna aliyedhulumiwa. Kila mmoja wetu amepata kusimama mbele ya kitu cha wote, peke yake, bila ya mtu wa kumwona. Na aliye nyuma yake katika safu, asiyejulikana jina wala uso, angali anangoja zamu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa washirika wema katika vitu alivyotushirikisha. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.